Kwa Nini Mashua za Mugabwe Hugeuzwa Kabla ya Kuingia Majini

Katika miaka ile ambayo mashua zilikuwa bado zinakwenda peku, watu wa Mugabwe walilazimika kuunda mashua mpya kila baada ya misimu miwili. Si kwamba hawakujua kutunza. Ufukwe wao wa Ziwa Tanganyika hauna mchanga, ni mawe matupu, na kila alasiri mawimbi huja na nguvu ya kuvunja chombo chochote kilichoachwa majini. Kwa hiyo mashua ilivutwa nchi kavu kila siku, mbele ikitangulia, na kila siku mawe yaliula mkuku, ule mti mmoja mrefu unaopita chini ya mashua kutoka mbele hadi nyuma. Mkuku ukiisha, mashua imekwisha.

Ukafika mwaka ambao Mugabwe nzima ilibaki na mashua moja, ya fundi Kasanzu. Aliyeihitaji kuliko wote alikuwa Nyanzobe, mkaushaji wa samaki na mkunga wa kijiji. Binti yake Nyamizi aliolewa ng'ambo ya ghuba, nyuma ya majabali yasiyopitika kwa miguu. Mtoto wa kwanza wa Nyamizi alifariki akizaliwa, kwa kukosa mtu wa kumsaidia mama yake. Sasa mimba ya pili ilikuwa na miezi minane.

Kasanzu alimwonyesha mkuku. Ulikuwa umebaki unene wa kidole gumba.

"Kukupeleka nitakupeleka, Mama Nyamizi. Lakini tukiivuta kwenye mawe ya kule, itapasuka. Na mti mpya haukauki kabla ya mwaka."

Nyanzobe hakulala vizuri siku zile. Alihesabu wiki, akazihesabu tena, kana kwamba zingeongezeka. Kisha akaenda ndani, akatoa majembe sita, mahari ya Nyamizi, ambayo hayakuwa yamegusa udongo, akayapeleka kwa mhunzi Ntabaye.

"Yafue yawe membamba na marefu. Tuyapigilie chini ya mkuku."

Ntabaye akacheka hadi akaweka nyundo chini. "Shemeji, unataka kuivisha mashua viatu?"

"Wewe mbona umevaa? Vua basi, utembee mpaka majini, nikuone."

Ntabaye akavukuta moto. Alifua mabamba sita, akayatoboa matundu kwa kupishana, moja kulia na jingine kushoto, maana misumari ikifuatana kwenye mstari mmoja hupasua mti. Mashua ikapinduliwa. Wakaanza mbele, kama mtu yeyote angeanza, na kila bamba jipya likalalia mwisho wa lile lililotangulia.

Kijiji kizima kilikuja kuijaribu. Waliivuta mara moja, wakaivuta ya pili, na ya tatu jiwe likanasa ukingo wa bamba la pili, likalibandua pamoja na kipande cha mti. Hakuna aliyecheka. Kasanzu aliketi juu ya jiwe akaufunika uso. Nyanzobe alirudi kwenye samaki wake, maana mikono yake ilihitaji kazi.

Alimshika sangala akaanza kumparua, kisu kikitoka mkiani kwenda kichwani, na magamba yakainuka na kuruka. Akasimama. Akapitisha kidole kutoka kichwani kwenda mkiani. Kikateleza. Akakirudisha kinyume. Kikakwama. Alikimbia ufukweni akiwa amemshika samaki kwenye mashavu.

"Fundi, pitisha kidole hapa. Sasa rudi. Umeona? Tulianza upande usio wake!"

Wakayang'oa mabamba yote, wakaanza nyuma kuja mbele, kila la mbele likilalia la nyuma yake. Safari hii mashua ilipanda juu ya mawe bila kunaswa. Vijana, kwa furaha, wakaanza kuirudisha majini kama walivyozoea, nyuma ikitangulia.

"Acheni!" Nyanzobe akapaza sauti. "Mnampapasa samaki kinyume!"

Basi mikono arobaini ikaiinua mashua, ikaigeuza palepale, nayo ikaingia ziwani kwa mbele.

Nyanzobe alifika ng'ambo siku tatu kabla ya uchungu. Mtoto alitangulia kwa miguu, na mtu asiyejua angempoteza. Nyanzobe alijua. Walipovuka kurudi, Nyamizi na mtoto wakiwa nao, Kasanzu mwenyewe alimbeba mtoto hadi mlangoni kwa Nyanzobe, kisha akasema atatafuta majembe sita ya kumrudishia. Nyanzobe akakataa.

"Yaache chini huko huko. Yamenilimia vya kutosha."

Kasanzu alipiga magoti kumshukuru, yeye mzee kuliko Nyanzobe, mbele za watu.

Na tangu siku hiyo, hakuna mashua ya Mugabwe inayogusa mawe bila chuma chini ya mkuku wake. Siku hizi chuma hicho ni ukanda mmoja mrefu unaonunuliwa dukani, hauna kiungo hata kimoja, na mashua ingeweza kurudi majini kwa upande wowote. Wageni husema hivyo, na ni kweli. Lakini kila asubuhi watu huiinua, huigeuza mpaka mbele yake itazame ziwa, na aliyeshika nafasi ya mwisho husema, "Ahsante, Mama Nyamizi." Ndipo husukuma.