Jauhara na Sheria ya Uchina

Katika enzi ya Sultani Ghassani bin Mundhiri, mwenye mji wa Marjani, alikuwako tajiri mmoja, jina lake Sarhani, muuza ambari, na Sultani alimpenda hata akamwazima pete yenye jini ajuaye lugha zote, naye Sarhani akasafiri na binti yake Jauhara mpaka Uchina, wakapanga nyumba bandarini na kufanya biashara kwa hofu, kwani wageni wote walisema sheria ya nchi ile ni kali na haisomeki.

Siku moja Sarhani aligombana na mchukuzi aitwaye Ding, akamsukuma, na Ding akaanguka ngazini akapasuka kichwa. Askari wakabandika tangazo mlangoni, na Jauhara, kwa kumhurumia baba yake, akamficha ghalani nyuma ya marobota ya hariri, kisha akaichukua pete ya baba yake akaisugua.

"Labeka, bibi yangu," akasema jini, na kichwa chake kiligusa dari.

"Nisomee tangazo hili."

Jini akasoma: "Aliyejeruhi afungamane na majeruhi hata muda uliowekwa utimie, majeruhi akifa, naye afe."

Sarhani akalia kule ghalani: "Nimekwisha, mwanangu! Mwambie aturudishe Marjani sasa hivi."

Jauhara akasema, "Baba, tukikimbia hatutarudi tena, na yule mtu yuko kitandani. Maneno tumeyasikia, maana bado hatujaijua. Ewe jini, nipeleke kwa hakimu mwenyewe."

Kufumba na kufumbua, akawa mbele ya hakimu Shen, na watu wote wakaanguka kifudifudi kwa kumwona jini, ila hakimu hakuinuka kitini. Akasema, na jini akafasiri, "Binti, umekuja kututisha hapa mahakamani?"

"Hasha, bwana hakimu. Nimekuja kuuliza. Sheria inamtaka baba yangu afanye nini?"

"Amuuguze aliyemjeruhi. Ndiko kufungamana. Tabibu, dawa na uji ni juu yake, na hukumu inangoja. Ding akipona, adhabu hupungua. Akifa kwa jeraha lile kabla ya muda kutimia, ni mauaji. Twataka mkono uliopiga uwe wa kwanza kuponya."

Jauhara machozi yakamtoka. "Basi nami nina kosa, kwani nimemficha."

"Kwetu mtoto haadhibiwi kwa kumficha mzazi wake. Sheria ikimlazimisha binti amtoe baba yake, nyumbani patabaki nini? Lakini enda upesi, homa imempanda Ding."

Jauhara akarudi akamweleza baba yake, naye Sarhani akaenda nyumbani kwa Ding, na mke wa Ding akamfungulia bila salamu. Sarhani akamfuta Ding jasho, akamlisha, akampepea, na kila Ding alipopumua kwa shida yeye naye alizuia pumzi, hata Ding akafumbua macho akasema, "Mkono wako mzito hata ukishika kijiko!" Mkewe akacheka, Ding akapona, na hukumu ikawa nyepesi.

Jauhara akaomba kubaki kwa hakimu ajifunze sheria ile, na kwa kila kifungu jini alimpa maneno, naye akamwuliza hakimu, "Kwa nini?" na jawabu akaliandika kwa lugha ya Marjani, kama watu wasemavyo sokoni. Waliporudi Marjani, Sultani Ghassani akaisoma kazi ile akasema, "Nilidhani sheria hii ni upanga mtupu, kumbe ni watu waliokaa wakawafikiria wenzao!" Akamjaza Jauhara mali, akamwoza kwa mwanawe Tamimu, na wafanyabiashara wa kila nchi wakawa wanamjia kuuliza kabla ya safari.

Basi, ewe msikilizaji, sheria ya wenzio usiikimbie wala usiibeze, mpaka uwaulize wenyewe waliiweka kwa ajili gani.