Jembe la Namsifu

Anayenyonyesha hushikiwa jembe. Mmeisikia leo kule mferejini, nanyi vijana mkacheka, mkadhani ni kisingizio cha wavivu. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Zamani huku Upareni, mfereji wa kuleta maji mashambani ulipojaa tope, baragumu lililia na kila nyumba ikatoa mtu wa msaragambo, yaani kazi ya wote. Jioni majembe yalilazwa ukingoni, Mzee Mbonea akayahesabu. Nyumba ambayo jembe lake halikuonekana ilikosa zamu ya maji, na mahindi yake yakakauka. Hakukuwa na kubembelezana.

Mwaka mmoja mvua ilibomoa mfereji, na kazi ikachukua wiki nyingi. Namsifu alikuwa na binti wa miezi minne, Nakiete. Mumewe alikwenda tambarare kukata mkonge, nyumbani akabaki yeye na mama mkwe wake, Bibi Nanzia. Kwa desturi, mwanamke aliyekwisha kupata mkwe ametua jembe. Baragumu halimwiti tena. Kwa hiyo Namsifu ndiye aliyekwenda, akimwacha mtoto kwa bibi yake na kibuyu cha uji mwepesi.

Alirudi jioni matiti yamejaa hadi yanauma. Lakini alikuwa amefundishwa, kama wanawake wote wa huko, kwamba maziwa yaliyoshinda juani yamechacha. Basi aliyakamua chini kwanza, mpaka matiti yakalegea, ndipo akampa mtoto kilichobaki. Fikirini wenyewe! Siku ya kumi matiti hayakuuma tena. Wiki ya tatu hayakujaa. Nakiete akawa amebaki macho tu, na uji unamharisha.

“Mama,” Namsifu alisema huku analia, “maziwa yananikauka. Mwanangu ananifia mikononi.”

Bibi Nanzia alimpakata mtoto. Alikuwa amezika watoto wake wawili wa umri ule, na wote aliwaachia uji akaenda mferejini. Hakuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka jioni ile.

Asubuhi baragumu lilipolia, Namsifu hakuliona jembe lake. Alimfunga mtoto mgongoni akakimbilia mferejini, akamkuta mama mkwe wake ndani ya tope hadi magotini, anachimba huku anahema.

“Bibi, wewe ulishatua jembe,” Mzee Mbonea alikuwa akisema. “Mkweo ndiye ninayemtaka. Tukivunja desturi, kesho atakuja nani?”

“Mzee, jioni huwa unahesabu majembe au matiti?”

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee Mbonea akakohoa.

“Majembe.”

“Basi hili hapa, lihesabu. Jembe hata mimi naweza kulishika. Kazi aliyo nayo Namsifu, nani kati yenu atamshikia?”

Mzee alimtazama mtoto aliyefungwa mgongoni, shingo imelegea, halii tena.

“Jembe nimeliona,” akasema taratibu.

Bibi Nanzia akamgeukia mkwewe. “Rudi nyumbani, mwanangu. Mnyonyeshe kila anapotaka, usimwage hata tone. Mimi nilimwaga, na nilichovuna nakijua mwenyewe.”

Siku ya tatu kiuno cha bibi kiligoma. Alipotoka akijikokota, akakuta jirani amekwisha kulichukua lile jembe pamoja na lake. Kesho yake akaja mwingine. Maziwa hayakurudi kwa siku moja, lakini yalirudi, maana titi linalonyonywa ndilo linalojaa. Nakiete alinyonya miaka miwili. Alikuwa akikimbiza kuku uani, akichoka anarudi kudai haki yake, na bibi yake anacheka hadi machozi.

Hata wiki haikupita tangu aachishwe, baragumu likalia tena. Namsifu alipita kwanza kwa Mzee Mbonea, ambako mke wa mwanawe alikuwa na mtoto mchanga. Alimkuta mlangoni, mtoto mgongoni, yuko tayari kwenda. Akamtoa jembe mkononi, akaliweka begani pamoja na lake.

“Dada, nikushukuruje?” yule mzazi aliuliza.

“Mimi mwenyewe bado sijui nimshukuruje mama mkwe wangu,” Namsifu akamjibu. “Keti, mpe mtoto. Anayenyonyesha hushikiwa jembe.”