Jina la Mtoto wa Bupe

"Hapo zamani," alianza Bwana Chambo, akiikodolea macho karatasi aliyoitoa mfukoni, "hapo zamani palikuwa na dagaa nusu kilo, sabuni mche mmoja na betri mbili za redio."

Bwalo zima la kidato cha nne likaangua kicheko. Bwana huyu, aliyezunguka nchi nne akiuza madaftari, alikuwa ameitwa shuleni awaeleze vijana namna ya kuandika na kusoma masomo yao, naye ameleta orodha ya mkewe. Hadithi aliyoiandika kwa wino mzuri ilikuwa inazunguka sokoni muda huo, mkononi mwa mkewe.

"Chekeni tu," alisema. "Nimepotea Lubumbashi, nimepotea Kigali, leo nimepotelea mfukoni mwangu mwenyewe. Basi chukueni hii ya kichwani."

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya juzijuzi, katika chuo kimoja cha wakunga huko nyanda za baridi, walikuwako wasichana watatu wa benchi moja.

Sekela aliandika. Mwalimu akisema neno, Sekela keshaliandika. Mwalimu akikohoa, Sekela anaandika "amekohoa". Wenzake walimwita Kinasa Sauti.

Lugano alijiuliza. Aliandika machache: kushoto mwa ukurasa swali, kulia jibu. Kesho yake hufunika majibu kwa kiganja na kujihoji. Siku ya tatu anajihoji tena, na baada ya wiki tena. Walimwita Hakimu.

Tumpe alisimulia. Daftari lake lilikuwa jeupe, halina hata doa la wino. Kila jioni alikwenda jikoni akamfundisha somo la siku mpishi wa chuo, Mzee Kapange, papai likiwa kichwa cha mtoto. Walimwita Redio.

Wiki moja kabla ya mtihani, Mwalimu Subilaga, aliyewafundisha ukunga, alimvuta Sekela kando. "Mwanangu, wewe unaandika ili usisikilize. Mkono wako umeshahitimu. Kichwa bado."

Neno lile lilimchoma Sekela. Alirudi bwenini, akatoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo zake moja moja. Kesho akimaliza zamu ya wodini, anapanda gari kurudi kwao.

Kesho ikafika. Saa sita mchana, Mwalimu Subilaga akiwa chumba cha upasuaji na daktari, aliletwa mama mmoja, jina lake Bupe, uchungu umeshika kasi. Hakumpa mtu nafasi ya kuita mwalimu. Mtoto akatoka, msichana, wa bluu, kimya.

Sekela akasimama na taulo mkononi. Somo hili alikuwa ameliandika kurasa kumi na moja. Akalitafuta kichwani; hakuna kitu. Aliona mwandiko wake, mzuri, umenyooka, lakini hasomi hata herufi.

"Mkaushe!" Lugano alisema, na tayari alikuwa amemnyang'anya taulo. "Mkaushe, msugue mgongo, futa mdomo. Halii? Halii. Mpulizie hewa kabla dakika haijaisha!" Akaikamata pampu ya kumpulizia mtoto hewa, akaiminya. Fuuu! Mpira ulikuwa umepasuka ubavuni.

"Ya akiba iko wapi?" Lugano alipaza sauti. "Kabati la dawa!"

"Hamna!" Tumpe alijibu, kichwa kikiwa ndani ya kabati.

Mkono wa Sekela ulikuwa umeshaingia kwenye mfuko wa sare. Akafungua daftari pale penye madoa ya mvua, akasoma kwa sauti: "'Mvua inakuja. Mwalimu anasema fungeni dirisha. Mwalimu anasema pampu ya akiba ameihamishia kabati la mashuka, panya wa kabati la dawa wanatafuna mipira. Mwalimu amekohoa.'"

Alikwenda mbio, akarudi nayo.

Lugano akapuliza. Kifua hakikuinuka. Akapuliza tena. Hakikuinuka.

"Shingo!" Tumpe aliruka. "Umemkunja shingo! Mzee Kapange aliniuliza juu ya papai: 'Binti, ukimkunja hivyo hewa itapita wapi?' Mwinue kidevu kidogo, kama mtu anayenusa pilau ya jirani. Hapo. Sasa!"

Lugano akapuliza. Kifua kikainuka. Kikashuka. Kikainuka.

Kisha mtoto akalia. Akalia kwa hasira, kama aliyeamshwa bila ruhusa, hata njiwa wa juu ya bati wakaruka. Bupe akacheka na kulia kwa pamoja, wakamlaza mwanawe kifuani, na usingizi wa uchovu ukamchukua. Lugano akakaa sakafuni. Tumpe akaegemea ukuta, akaimba wimbo usio na maneno. Sekela akagundua kwamba bado ameshika daftari, na kwamba analia, na kwamba lile neno la jana halimchomi tena.

Baba mtoto, fundi mwashi, aliingia na saruji mikononi. Aliposimuliwa, alisema, "Mtoto huyu ataitwa jina la aliyemrudisha. Jina moja tu. Mwanangu si gunia la mchanganyiko. Ni nani?"

Sekela alisema, "Bila daftari langu mngempulizia kwa kanga?"

Lugano alisema, "Ungeleta hizo pampu hata kumi, dada, ungezifanyia nini? Ulisimama pale kama mlingoti wa bendera."

Sekela akalifunga daftari. Ilikuwa kweli, naye alijua.

Tumpe alisema, "Na wewe Hakimu, hewa yako ilikuwa inaishia mashavuni. Ulikuwa unampulizia puto."

Mara Mzee Kapange akatokea mlangoni, mwiko mkononi. Habari jikoni hazichelewi. "Samahani, wanangu. Swali la shingo lilikuwa la nani?"

"Mzee, mtoto ni wa kike!" Tumpe alisema.

"Kwetu wako akina Kapange wa kike wawili, na wote wameolewa."

Wakacheka hadi Mwalimu Subilaga akatoka chumba cha upasuaji kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, aliomba daftari la Sekela, akalisoma akiwa amesimama. "Nimekohoa mara kumi na saba?" aliuliza. Akamrudishia kwa mikono miwili. "Lile begi nililoambiwa umelifunga, lifungue. Andika, ila jioni keti na Lugano akuhoji, kisha nenda na Tumpe jikoni." Ama kuhusu jina, alitikisa kichwa. "Hilo sikulifundisha."

Bwana Chambo akafuta jasho, akawatazama wanafunzi. "Basi semeni ninyi. Aliyeandika, aliyejiuliza, aliyesimulia, au mzee wa papai? Je, nani alistahili mtoto aitwe jina lake?"

Bwalo likachafuka. Meza za mbele zikapiga kelele, "Lugano!" Za nyuma, "Tumpe!" Wengine, "Sekela, Sekela!" Kundi moja likagonga sahani, "Ka-pa-nge!"

Matroni wa shule, mama wa watoto watano, alikuwa amesimama mlangoni muda wote na mikono kiunoni.

"Na Bupe mwenye uchungu wake," alisema, "kuna aliyemuuliza?"