Chemchemi ya Kinyumenyume

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, mwenye woga asogee karibu!
Tumesogea!

Hapo kale palikuwa na kijiji, na bondeni kwake chemchemi. Wazee walisema humo mna zimwi, na akionwa atameza kijiji kizima. Basi watu wakateka maji kinyumenyume, mtungi kichwani, mawe yanateleza. Kila mwaka alianguka mmoja asiinuke tena. Wakasema, "Huyo aligeuka." Nanyi msicheke, hata kwenu yapo.

Kidawa alikuwa na binti mmoja tu, Mwatime, na kesho mtoto angeteka maji mara ya kwanza. Mama hakula, hakunywa, hakutulia. Akashuka peke yake mchana kweupe, akageuka.

Akaona chura.

"Zimwi yuko wapi?"

"Mimi nimezaliwa hapa," chura akasema, "na bibi yangu kazaliwa hapa. Hatujamwona."

Kidawa akakimbia kuwaambia watu. Milango ikafungwa, pu! pu! pu! Aliyebaki nje ni mama mkwe wake, Bi Mwanamize.

"Sema umemwona."

"Sikumwona, mama."

"Sema umemwona!"

"Sikumwona, mama."

"Sema umemwona, mwanangu, nakuomba!"

"Hayupo, mama. Ni chura tu."

"Basi binti yangu Mwanaidi, aliyeanguka pale, aliuawa na nini? Mimi ndiye niliyemfundisha kwenda kinyumenyume!"

Hapo Kidawa akaogopa kuliko alivyoiogopa chemchemi.

Asubuhi kijiji kizima kikashuka kinyumenyume, nyuso zimeelekea mlimani. Kidawa na Mwatime pekee walitazama mbele. Mama akainama kuteka maji. Nyuma yake mtu akanyoosha mikono miwili amsukume. Watu wote walikuwa wamewapa mgongo, hakuna aliyeona.

Mwatime aliona.

"Bibi," akasema, "mbona umegeuka?"

Mikono ikaanguka. Bi Mwanamize akatazama maji: chura, na vigae vya mitungi. Akasubiri amezwe. Hakumezwa. Akaketi palepale akamlilia Mwanaidi, miaka kumi na miwili baada ya kumzika, na mmoja mmoja watu wakageuka kuona nani analia.

Jamani, neno jipya halichukiwi kwa kuwa ni la uongo. Huchukiwa kwa kuwa likiwa kweli, kuna makaburi yatakayotuuliza.

Hadithi yangu nimeitua hapa, mwenye mabega aibebe. Mkienda kwenu tazameni mbele. Atakayejikwaa asimsingizie zimwi wangu.