Bonge la Nakijwa

Kisa nakitoa.

Semeni: kitoe, bibi, tumekaa. Nanyi wa kule mlangoni semeni pia, maana kisa hakimwingii mtu aliyefunga mdomo. Haya. Na mikono isilale. Maharage hayo hayatajichambua yenyewe eti kwa sababu bibi yenu anasimulia.

Kale, kale ya kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kilima juu ya kijiji chetu. Kiliitwa Kilima cha Mtelezo. Hakikuwa na shamba la mtu, hakikuwa na boma la mtu, hakikuwa na hata kaburi la mtu. Kilikuwa na nyasi tu, fupi, laini, zimelala upande mmoja kama nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa. Chini yake ilikuwepo ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kijito. Likifunguliwa asubuhi, maji yalikwenda kwenye mashamba ya bondeni, zamu kwa zamu, nyumba kwa nyumba.

Kilima kile kilikuwa cha kuchezea. Ndiyo, chekeni. Mnadhani watu wa kale walizaliwa na jembe mkononi? Mtu akimaliza kazi yake alikata gamba la mgomba, akapanda mpaka juu, akalikalia, akajiachia. Vuuu, mpaka chini. Watoto waliteleza. Bibi harusi aliteleza siku ya tatu ya harusi yake. Wazee nao waliteleza, wakisema wanawaonyesha watoto namna tu. Na kule juu hapakuwa na mkubwa. Mfumwa mwenyewe, mtawala wa milima yote hii, alisubiri zamu yake nyuma ya mchunga mbuzi.

Lakini palikuwa na mwiko, na mwiko huu msikieni vizuri. Ukiteleza, unakwangua. Nyasi zinang'oka, udongo unashuka nawe. Kwa hiyo kila aliyefika chini aliokota bonge, udongo wenye nyasi na mizizi yake, akalipandisha kwa mkono wake, akalishindilia pale palipochubuka. Asiyepandisha bonge hatelezi tena. Na wakati wa kupanda waliimba. Imbeni nami:

Mlima, nishushe,
nami nitakupandisha.

Najua ni kilima. Walikiita mlima ili kukibembeleza. Hata wewe nikitaka unichotee maji nakuita baba.

Sasa, katika kijiji kile alikuwepo msichana jina lake Nakijwa, wa miaka kumi hivi. Miguu yake ilikuwa minyonge tangu kuzaliwa. Haikumbeba. Alikwenda kwa mikono, akijiburuta kwa makalio, na viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko vya baba yake mkulima. Wenzake wakikimbia, yeye alibaki. Wakipanda miti, yeye alishika nguo zao. Lakini kwenye Kilima cha Mtelezo wenzake walimbeba mgongoni kwa zamu, na akishawekwa kwenye gamba lake hakuna aliyemfikia. Alijua kujilaza, alijua pa kuegemea, alipita watu wazima kama upepo. Kisha alibebwa tena kupandishwa, bonge lake mapajani, akiimba kuliko wote. Mama yake alikuwa akisimama kwenye ndiva na mtungi wake, akimtazama tu binti yake anavyokwenda mbio, na mtungi unajaa mpaka unamwagika.

Mlima, nishushe. Imbeni. Nami nitakupandisha.

Basi zamani zile Mfumwa aliitwa Kazeni. Alikuwa mtu mwema, msimchukie mapema. Alikuwa mnene na mwenye haya, ila haya yake aliifunika kwa sauti kubwa, kama wengi. Siku moja wakaja wageni, wafumwa wa milima mingine, na watu wote wakapanda kilimani kuwapokea. Kazeni akataka kuwaonyesha. Akakaa kwenye gamba, akajiachia. Katikati gamba likamponyoka. Mfumwa akabiringika, kofia huku, fimbo kule, akaingia ndiva kwa kichwa, akatoka na matope mpaka kwenye nyusi.

Watu wakacheka. Na kucheka kulikuwa haki ya kilima, maana kila mtu alikuwa ameshaanguka pale akachekwa. Lakini nitawaambia ukweli, wajukuu zangu: siku ile walicheka mno. Walicheka wakarudia. Walicheka mpaka wageni wakaanza kumwigiza. Kazeni akaweka nguo zake sawa akaondoka, na hakuna aliyemfuata kumpa pole. Hilo ni kosa letu, na mimi silifichi.

Mfumwa akakaa ndani siku nne. Siku ya tano akamwita mzee Mrutu, mshauri wake, mtu aliyeweza kushitaki kuku kwa kula mtama wa jirani na akashinda kesi. Mrutu akamwambia kwamba kilima kile hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha Mfumwa. Wakiweka uzio, Mfumwa atateleza na wageni wake kwa raha zake, na hakuna wa kumcheka. Kazeni hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa Mrutu hiyo ilikuwa ndiyo.

Vijana wa Mfumwa wakaja mchana na nguzo na miiba. Wakateremsha watu wote, wakafunga. Nakijwa alikuwa ameketi chini ya kilima, bonge lake mapajani, akingoja mgongo wa kumpandisha. Akawaambia vijana kwamba hajapandisha bonge lake. Wakamwambia mambo ya mabonge yamekwisha. Mama yake akaja akambeba nyumbani, naye hakuliachia lile bonge njia nzima. Akaliweka kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, kando ya kizingiti, akalimwagia maji.

Kuanzia hapo akawa mtoto wa kukaa. Alichambua maharage kama nyinyi, alijibu akiulizwa, alikula akipewa. Ila kuimba hakuimba tena. Asubuhi alimwagilia kigae chake, jioni alimwagilia kigae chake. Mama yake alikuwa akienda nyuma ya nyumba kulia, akirudi anasema ni moshi.

Na kule kilimani? Mfumwa aliteleza. Wageni wake waliteleza. Walitoka mbali, wakala mbuzi, wakateleza kutwa, wakaenda zao. Bonge hawakupandisha, maana nani angewaambia? Mgeni haambiwi beba udongo. Nyasi zikachubuka, zikakatika, zikaisha. Kilima kikatoka mstari mwekundu kuanzia juu mpaka chini, kisha miwili, kisha mingi. Mvua za masika zilipofika, udongo wote ukashuka ukaingia ndiva. Ndiva ikajaa tope, maji yakapita juu, mashamba ya bondeni yakakosa zamu.

Mfumwa akaamuru baragumu lipigwe, baragumu la msaragambo, lile ambalo likilia kila nyumba hutoa mtu kwa kazi ya wote. Nao wakaja, wote, na majembe yao. Wakazoa tope kutwa nzima. Mvua ikanyesha, tope likarudi. Baragumu likapigwa tena, wakaja tena, wakazoa tena. Mvua ikanyesha, tope likarudi. Mara ya tatu Mrutu akawaambia wapande wazibe kilima.

Wakaweka majembe chini. Mnawajua watu wetu kwa kesi. Mzee mmoja akasema, kwa adabu kabisa, "Ndiva ni yetu, tutaizoa mpaka tufe. Kilima mlisema kina mwenyewe. Mwenyewe na akizibe."

Maneno yalikuwa ya Mrutu mwenyewe. Watu wakarudi makwao, nao hawakuwa na furaha, maana kushinda kesi hakuoteshi mahindi. Njaa ilikuwa inakuja, kila mtu aliiona, na kila mtu alisimama kwenye haki yake.

Basi asubuhi moja, mvua imekatika kidogo, Mfumwa Kazeni akaenda peke yake kukitazama kilima. Akaona kitu kinatambaa kwenye tope jekundu. Akadhani ni mnyama. Akasogea. Alikuwa Nakijwa. Alikuwa amepenya chini ya miiba, mgongo umechanika, anajivuta kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umekumbatia kigae. Akipanda hatua mbili, anateleza moja.

"Nani amekutuma, mwanangu?" Mfumwa akauliza.

"Sikutumwa, Mfumwa. Siku mlipofunga nilikuwa nimeshateleza, sijapandisha bonge langu. Nimelitunza nikingoja mfungue. Hamfungui."

Kazeni akatazama kigae. Nyasi zilikuwa mbichi, ndefu, zimetoa hata vimbegu. Akatazama kilima chote, ambacho hakikuwa na jani.

"Bonge moja litafanya nini hapa?"

"Sijui," Nakijwa akasema. "Lakini ni langu mimi. Mengine si yangu."

Mfumwa akahesabu moyoni, wajukuu zangu, mara ngapi ameteleza tangu uzio ule uwekwe, na mabonge mangapi ni yake. Kisha akachuchumaa kwenye tope, mtu mzima yule na unene wake, akampa mgongo.

"Panda," akamwambia. "Nami ninayo ya kupandisha."

Wakapanda. Kazeni alihema, aliteleza, alishika chini kwa mikono. Katikati Nakijwa akaanza kuimba taratibu sikioni mwake, sauti imekauka kwa kutotumika. Mlima, nishushe. Na yule mtu akaitikia. Nami nitakupandisha. Juu kabisa wakachimba kwa vidole, wakaweka bonge, wakalishindilia kwa viganja vinne. Mfumwa alikuwa analia, na hakusema ni moshi.

Halafu ikabidi washuke, na kwenye tope lile hapakuwa na njia ya kushuka ila moja. Kazeni akaokota gamba lililoachwa na wageni wake, akamweka Nakijwa mbele. Walifika nusu tu. Gamba likawaponyoka, wakabiringika wote wawili, wakaingia ndiva. Mfumwa akatoka na matope mpaka kwenye nyusi. Nakijwa akamtazama, akaziba mdomo kwa mkono.

"Cheka," Mfumwa akamwambia. "Ni haki ya kilima."

Akacheka. Na mama yake, aliyekuwa amekwenda huku na huku akimtafuta, alisikia kicheko kile toka mbali akaketi chini palepale njiani.

Siku hiyohiyo baragumu likapigwa. Watu walipofika wakamkuta Mfumwa wao hana kofia, amepiga magoti, anashindilia udongo. Hakuwahutubia. Aliwaomba radhi kwa maneno machache, nao wakamwomba yeye radhi kwa kicheko cha siku ile, na kesi ikaishia hapo bila mshindi. Nguzo za uzio wakazing'oa, wakazilaza kukingama na kilima ili zizuie maji. Nyuma ya kila nguzo wakapanda nyasi, bonge kwa bonge. Mrutu naye alibeba, na walimpa mabonge ya kutoka bonde la mbali kuliko yote. Misimu mitatu hakuna aliyeteleza. Wa nne kilima kilikuwa kijani, na wa kwanza kuwekwa kwenye gamba alikuwa Nakijwa.

Naam, ngojeni, hakijaisha. Maharage yako hayo yana mawe, angalia.

Nakijwa akawa mtu mzima, akawa mlinzi wa kilima. Wageni walipokuja, hata wawe wafumwa, yeye mwenyewe aliwapa mabonge yao, na hakuna aliyekataa. Hakuwahi kukosa mgongo wa kumbeba mpaka uzeeni. Kazeni naye akazeeka, magoti yakagoma, vijana wakawa wanawabeba wote wawili sambamba, yule kwenye mgongo huu, huyu kwenye mgongo ule. Na wakishafika chini Mfumwa alipenda kujisahaulisha, na Nakijwa kila siku alimwambia, "Mfumwa, bonge lako."

Siku aliyofariki Kazeni, walipoingia kumwosha walikuta kigae kando ya kitanda chake. Alikuwa ameteleza mara ya mwisho akashikwa na homa chini ya kilima kabla hajapanda. Bonge lilikuwa ndani ya kigae, limemwagiwa maji asubuhi ileile, nyasi zake mbichi. Wakalipeleka kwa Nakijwa. Alilikumbatia, akabebwa mpaka juu, akalishindilia kando ya lile lake la kwanza.

Basi wajukuu zangu, mwenye kuweka uzio husema analinda, na huenda mwenyewe anaamini. Lakini kitu cha wote hulindwa na mikono ya wote, na mkono wa kwanza ni wako. Usingoje wa jirani. Bonge la jirani si lako.

Kisa changu kimeshuka, kimefika chini. Uliyeshuka nacho, kipandishe wewe, ukakipande kwa watoto wako. Leteni hayo maharage.