Kamba Sita za Nyamizi

Zamani za mababu, Ilundo ilipokuwa bado haijapata sheria inayojivunia leo, alizaliwa Nyamizi binti Kalunde wa ukoo wa Wasikizi, Nyamizi mwenye sikio pana, aliyesikia kilio kabla hakijafika kooni. Kila aliyetaka kuoa au kuolewa aliketi na Msikizi asubuhi saba akisema ya moyoni, na kwa kila hofu, hasira au huzuni Msikizi alifunga fundo kwenye kamba ya mtu huyo. Lakini mwanamume aliyempenda mwanamume, au mwanamke aliyempenda mwanamke, hakuketishwa; alifungiwa fundo kubwa la wazimu, akafukuzwa ng'ambo ya kinamasi. Katika ujana wake Nyamizi alimfungia hivyo msichana mmoja, hata jina hakumuuliza.

Ndipo wakamjia Mihayo mhunzi na Lubinza mrina asali, wakitaka kuoana. Akawaketisha. Asubuhi ya saba Lubinza akauliza, "Mama, tufungashe mizigo?" Nyamizi akawaambia wangoje siku ya baraza, maana Mtemi Kasanda, mtawala wa Ilundo, alikwisha kutangaza kwamba fundo la wazimu lisipofungwa siku hiyo, watafukuzwa wote watatu, Nyamizi akiwamo.

Siku ya baraza Nyamizi alikwenda mbele ya Mtemi. Akalaza chini kamba sita za wachumba wa mwaka ule, wote wakiwa wameridhia zionyeshwe, na kila mmoja akiijua yake.

"Mtemi, wawili kati ya hawa unawaita wagonjwa. Nitolee kamba zao, nami nitafunga fundo mbele yako."

Mtemi akazipapasa, akainua yenye mafundo mengi kuliko zote. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

"Hiyo yangu, Baba," akasema binti yake.

Akainua nyingine. Mpwa wake akasimama.

"Acha, Mtemi," mzee mmoja akanong'ona, "utaumaliza ukoo."

Wachache wakacheka. Mtemi akazipapasa zile nne zilizobaki, moja baada ya nyingine, akazirudisha chini.

"Sioni tofauti," akasema Mtemi.

"Hata mimi sikuona," Nyamizi akajibu, "nilipolifunga fundo la yule msichana."

Mtemi akaiondoa amri yake, na Mihayo na Lubinza wakaoana siku ileile. Nyamizi hakungoja karamu. Alivuka kinamasi kumtafuta yule msichana, na hakuonekana tena. Kama alimkuta, hakuna ajuaye. Tangu hapo Ilundo haimwiti mtu mgonjwa kabla ya kumsikiliza asubuhi saba, na kwenye kila harusi yetu huachwa viti viwili vitupu vikielekea kinamasi: kimoja cha Nyamizi, na kimoja cha yule ambaye jina lake hatukuliuliza.