Korongo Aliyelishwa Hadi Mchana

— Mpo?
— Tupo!
— Masikio?
— Yako wazi!
— Basi tupande mlimani.

Juu kabisa ya mlima, kwenye jiwe refu bapa, waliishi pimbi. Kila alfajiri Korongo alikuja kutoka ziwani, akanyakua mtoto mmoja, akamtia katika mfuko wa shingo, akakimbia juu ya jiwe, puta, puta, puta, akaruka.

Siku hiyo alimchukua Kitinda, binti pekee aliyebaki kwa Bi Pimbi.

Bi Pimbi hakulia. Alikumbuka siku Korongo alipochelewa, jua likiwa limewaka. Korongo alikimbia karibu jiwe zima ndipo akaruka, mkia ukakwaruza ukingo. Huku juu hewa ni nyepesi. Ikipata joto huzidi kuwa nyepesi, bawa likakosa pa kushika. Anayetaka kuruka hapo hana budi kukimbia kasi zaidi. Na miguu nayo ina kasi yake ya mwisho.

"Ewe mkwe!" akaita.

Korongo akageuka kabla hajaanza kukimbia. "Mkwe nani?"

"Si umechukua binti yetu? Utaondokaje na njaa? Majirani watasema nini?"

"Kwa-kwa-kwa! Kumbe una adabu, mama mkwe. Leta!"

Kila pango likaleta sahani. Wakaleta panzi.

"Kula, mkwe, kula."

Akala. Jua likapanda. Wakaleta mijusi.

"Kula, mkwe, kula."

Akala. Jua likapanda.

"Mama, humu joto!" Kitinda akalia mfukoni.

"Vumilia, bibi harusi."

Wakaleta mayai. Akala. Jiwe likawa moto kama kikaango.

"Nimeshiba. Kwaherini."

"Jiwe litakutosha, mkwe?"

"Mimi? Kwetu ziwani naruka kabla hujapepesa jicho!"

Akakimbia. Puta, puta. Bawa halikushika. Akaongeza. Putaputaputa! Bado. Akaongeza tena, miguu ikashindwa kumfuata, ikagongana. Pu! Akaangukia kichwa, akaserereka hadi ukingoni, mdomo wazi. Kitinda akachomoka, akaingia katika ufa wa jiwe, chup!

Korongo akateremka mlima kwa miguu, manyoya ya kichwa akiyaacha juu ya jiwe. Ndiyo maana hadi leo ana kipara.

— Ngano imetua?
— Imetua salama!

Na funzo lake: wapendeni wakwe zenu, walisheni washibe, wala msiwaruhusu kamwe kuondoka asubuhi.